Ndoto Inayofunua: Njozi, Jazanda na Safari ya Ndani katika Ushairi wa Kiswahili

Utangulizi

Katika hadithi za Alfu Lela Ulela mna kisa cha Alinacha, kijana aliyetia urithi wake wote katika kapu moja la vyombo vya kioo. Akiwa ameketi sokoni akingoja wanunuzi, alianza kuwaza. Angeuza vioo vile apate faida, anunue vingine, auze tena, hata awe tajiri wa kutosha kumposa binti wa waziri. Mawazo yakamchukua mpaka akajiona amekwisha kuoa, naye amekaa kitini kwa kiburi akimpiga mkewe teke. Teke likawa la kweli. Likaliangukia kapu, na vyombo vyote vikavunjika. Hapo ndipo Waswahili walipopata msemo wao wa ndoto za Alinacha, yaani matumaini yasiyo na msingi.

Msemo huu umeshika mizizi kiasi kwamba neno ndoto likitajwa katika mjadala wa fasihi, aghalabu hufikiriwa kuwa ni jambo la kukimbia ulimwengu. Mshairi anayeota huonekana kama mtu aliyewaacha wenzake katika shida zao akaenda kulala. Kwa upande mwingine, wapo wanaodhani kwamba ushairi wa njozi na safari ya ndani ni mgeni katika Kiswahili, kwamba uliingia pamoja na mashairi huru katika miaka ya 1970, na kwamba ushairi wa jadi ulikuwa wa mawaidha, dini na malumbano tu.

Makala haya yanapinga dhana zote mbili. Yanadai kwamba katika ushairi wa Kiswahili ipo ndoto ya aina nyingine, iliyo kinyume cha ile ya Alinacha. Ndoto ya Alinacha ilimfumba macho asiuone udhaifu wa kioo mpaka kilipovunjika. Njozi ya mshairi humwonyesha msomaji kioo kilichovunjika wakati kingali kizima rafuni. Kazi yake ni kufunua. Tena kazi hii ni kongwe: inaonekana katika utungo wa Pate wa mwanzoni mwa karne ya 19, inapita katika mashairi yaliyotungwa magerezani nchini Kenya, na inafika katika diwani za Euphrase Kezilahabi. Baada ya kuufuata mkondo huo, makala yatapendekeza namna ya kuusoma, kwani hapo ndipo penye hasara kubwa katika madarasa yetu.

Ndoto, Njozi na Ruya

Kabla ya kuendelea inafaa kuyapambanua maneno. Kiswahili kina msamiati mpana wa mambo yaonekanayo pasipo macho. Ndoto ni neno la jumla: ni yale yanayomjia mtu usingizini, yawe na maana au yasiwe nayo. Jinamizi ni ndoto inayokandamiza, inayomfanya mlalaji atake kupiga kelele asiweze. Njozi hutumika kwa ndoto pia, lakini hubeba uzito zaidi. Mtu anaweza kupata njozi akiwa baina ya kulala na kuamka. Ruya, neno lenye asili ya Kiarabu, ni ndoto ya kweli, ile inayoaminiwa kuleta habari. Pamoja na hayo yapo maono na ufunuo, maneno ambayo wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanayafahamu vyema, maadamu kitabu chake cha mwisho kinaitwa Ufunuo.

Upo pia msamiati wa kuishughulikia ndoto. Ndoto haielezwi tu, bali huaguliwa. Kuagua ni kutoa maana ya ndoto au ya jambo lililofichika, lakini ni kutibu pia. Katika neno hili moja lugha imeweka dai zito: kwamba kuielewa ndoto ni namna ya kuponya. Kisa cha Yusufu, kinachosimuliwa katika Kurani na katika Biblia, ni mfano mwema. Mfalme wa Misri aliota ng'ombe saba waliokonda wakiwala ng'ombe saba wanono. Yusufu alipoiagua ndoto ile hakuitupa picha akabakiza funzo. Aliifuata picha yenyewe, ng'ombe kwa ng'ombe, mwaka kwa mwaka, na matokeo yake yakawa nafaka iliyowekwa akiba kabla ya njaa. Ndoto iliyoaguliwa vyema ikawalisha watu.

Ushairi wa njozi basi unaweza kuelezwa kuwa ni ushairi unaounganisha mambo matatu. La kwanza ni ndoto, ambayo hulipa shairi kanuni yake ya mwendo: mambo hubadilika ghafla, aliyekufa huonekana, nyumba huwa msitu, na msomaji hukubali. La pili ni jazanda, ambayo hulipa wazo mwili, ili kisichoonekana kionekane. La tatu ni safari ya ndani, ambayo huzipa picha hizo mpangilio. Nafsineni huanzia mahali fulani moyoni mwake na kuishia mahali pengine. Likikosekana la kwanza, shairi huwa hotuba. Likikosekana la pili, huwa nadharia. Likikosekana la tatu, huwa mkusanyiko wa picha zisizoenda popote.

Miraji: Safari ya Kupanda

Safari iliyowapa washairi wa pwani kielelezo kikubwa zaidi ni Miraji, yaani safari ya usiku ya Mtume Muhammad kutoka Makka hadi Baitul Mukadas, na kutoka hapo kupanda mbinguni. Usiku wa kuamkia tarehe 27 ya mwezi wa Rajabu huadhimishwa katika miji mingi ya Waswahili, na kisa chenyewe kimetungiwa tenzi. Kwa waumini, tukio hili si ndoto wala jazanda, na si haki kuliita hivyo. Hata hivyo, kwa upande wa sanaa, tenzi za Miraji ziliwazoesha wasikilizaji umbo fulani la masimulizi: msafiri anatolewa mahali pake usiku, anapitishwa ngazi kwa ngazi, anaonyeshwa mambo ambayo wengine hawayaoni, kisha anarudishwa kwa watu wake akiwa na wajibu wa kuwaambia.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo muhimu. Msafiri hakai huko. Hurudi. Katika mapokeo haya, kuona bila kurudi na kusema si ukamilifu. Yeyote anayeushuku ushairi wa njozi kuwa ni utoro angefaa kuanzia hapa.

Al-Inkishafi: Kuuamsha Moyo

Utungo unaostahili kuitwa kilele cha ushairi huu katika zama za kale ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate. Jina lenyewe ni la Kiarabu, nalo lina maana ya kufunuka au kufunukiwa. Linatokana na mzizi uleule unaotumiwa na masufi kueleza hali ya pazia kuondolewa moyoni ili ukweli uonekane. Mshairi mwenyewe, katika beti za mwanzo, anaueleza utungo wake kama koja la lulu analolitunga, kisha anautarajia uwe nuru ya kuondoa giza la ujinga. Mapambo na mwanga vimewekwa pamoja tangu awali: uzuri wa shairi ndio taa yake.

Mazingira ya utungo huu ni ya kihistoria kabisa. Pate, katika funguvisiwa la Lamu, ilikuwa dola yenye biashara na utajiri mwingi katika karne za 17 na 18. Majumba ya mabwana wake yalijengwa kwa mawe, kuta zake zikiwa na zidaka, yaani vishubaka vya kupangia vyombo vya kauri vilivyoletwa kutoka ng'ambo. Ugomvi wa ndani na vita na majirani viliidhoofisha. Baada ya kushindwa pamoja na washirika wake katika vita vya Shela, mwanzoni mwa miaka ya 1810, mji haukuinuka tena. Sayyid Abdallah aliuona mwisho wa ufanisi huo.

Kwa hivyo alikuwa na habari ya kutosha kuandika utenzi wa historia. Hakufanya hivyo. Aliugeukia moyo wake na kuusemesha. Hatua hii ndogo ndiyo inayougeuza utungo mzima. Tangu hapo anayehojiwa si mtawala wa Pate wala adui wa Pate. Ni moyo wa nafsineni, uliolala katika mapenzi ya dunia na usiotaka kuamshwa. Moyo unakemewa, unabembelezwa, unaulizwa maswali. Msomaji naye anajikuta akiulizwa yaleyale, kwa kuwa anayesoma kwa sauti neno "moyo wangu" huwa anautaja wake.

Safari inapita katika vituo. Kwanza moyo unaonyeshwa dunia kwa jazanda zinazofuatana kama picha za ndotoni. Dunia ni bahari iliyochafuka. Dunia ni sarabu, yale mang'aro ya jua jangwani ambayo mwenye kiu huyakimbilia akidhani ni maji, asipate ila kiu zaidi. Inafaa kuangalia mantiki ya mfuatano huu: maji yanayozamisha yanageuka maji yasiyokuwepo. Mtu anaweza kuangamia kwa kilicho kingi na kwa kisichokuwepo, na dunia ni vyote viwili. Ni ndoto tu inayoruhusu kitu kimoja kiwe vinyume viwili bila kujieleza.

Kisha moyo unapelekwa Pate. Hapa ndipo penye ufundi unaotisha. Mshairi hawi na haraka ya kuonyesha magofu. Anaanza kwa kuyawasha majumba: taa za kioo na za shaba zinang'aa, usiku unakuwa kama mchana, watu wamejaa, mabwana wanapita kwa maringo, vitanda vimetandikwa. Msomaji anayaingia majumba hayo yakiwa hai. Halafu, pasipo mlango kufungwa, ni magofu. Katika zidaka zilizowekwa vyombo vya kauri wamelala vifaranga vya ndege. Bundi analia ndani. Buibui wametanda, na nyua zimekuwa mwitu. Hakuna vita vilivyosimuliwa katikati. Hakuna maelezo ya nani alimshinda nani. Wakati umekunjwa kama unavyokunjwa ndotoni, na vizazi vizima vimepita baina ya ubeti na ubeti.

Hapa inafaa kumkumbuka Alinacha. Mabwana wa Pate nao walikuwa na vioo vyao, nao waliketi mbele yake wakiwaza kwamba havitavunjika. Al-Inkishafi inayageuza mambo juu chini: yale yaliyoitwa maisha halisi, yenye taa na umati na milango ya nakshi, ndiyo yaliyokuwa ndoto, na hii njozi ya mshairi ndiyo kuamka.

Swali linalofuata ni la mfiwa. Wako wapi? Mshairi anawaita watu kwa majina, si kwa vyeo tu, na mojawapo ya majina hayo ni Ali bin Nasir, jina lilelile linalofuata lake mwenyewe katika nasaba. Msomaji asikose kuliona hilo. Njozi haikumpeleka mshairi mbali na watu wake. Imempeleka kwenye makaburi yao. Ndipo utungo unapoendelea hadi kwenye adhabu za akhera, na moyo kuachwa na hiari ya kuamka.

Umbo la utungo linaibeba safari hii. Kila ubeti una mishororo minne, kila mshororo mizani kumi, na pumziko huwa baada ya mizani ya sita. Mishororo mitatu ya kwanza ina kina chake, kinachobadilika katika kila ubeti, lakini mshororo wa nne huishia kwa sauti ileile moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ni kama nyumba yenye vyumba vingi tofauti, lakini kila chumba hutokea katika ukumbi uleule. Anayesikiliza huenda asihesabu mizani, lakini hujua kwamba popote atakapopelekwa, atarudishwa. Basi si kweli kwamba arudhi huizuia ndoto. Katika Al-Inkishafi, arudhi ndiyo njia ambayo ndoto inaipita.

Gerezani: Safari ya Asiyeweza Kutoka

Safari ya ndani huchukua maana nyingine kwa mtu ambaye safari ya nje ameharimishiwa. Mwaka wa 1968 Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, aliandika kijitabu kilichoitwa Kenya: Twendapi? Jina lake lilikuwa swali la msafiri. Jibu la serikali lilikuwa kifungo cha miaka mitatu, ambacho alikitumikia hadi 1972, sehemu kubwa akiwa amefungwa peke yake. Mashairi aliyoyatunga humo kwa siri, akiyaandika kwenye karatasi za msalani, yalichapishwa mwaka wa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na diwani hiyo ikatunukiwa tuzo ya fasihi ya Jomo Kenyatta.

Diwani hii aghalabu husomwa kama ushairi wa siasa, na ni haki. Lakini namna yake ya kuona inastahili kuangaliwa. Katika shairi la "Mamba" mfungwa hamtaji mtawala. Anauona mto, na ndani ya mto mnyama aliyejaa kiburi kwa nguvu zake, aliyesahau kwamba naye atakufa. Mshairi anatangaza wazi kwamba anatunga fumbo ili wawezao walifumbue. Kwa mtazamo wa haraka, fumbo hili ni kinga dhidi ya askari wa gereza. Kwa mtazamo wa makini zaidi ni kinga dhidi ya hofu. Mtawala aliyemfunga mtu hana mwisho unaoonekana, lakini mamba ana mwisho. Kwa kumgeuza dola kuwa mnyama, mfungwa anapata kumwona akiwa mdogo kuliko kifo. Hivyo jazanda humfunulia mtungaji mwenyewe kabla ya kumfunulia msomaji.

Alamin Mazrui, aliyewekwa kizuizini mwaka wa 1982, aliipa diwani yake ya 1988 jina la Chembe cha Moyo. Chembe cha moyo ni mahali mwilini, pale chini ya mfupa wa kifua ambapo pigo likitua pumzi hukatika. Jina hilo linatueleza mashairi yanatoka wapi na yanakusudiwa kutua wapi. Vilevile linaonyesha kwamba ule moyo uliosemeshwa Pate bado ni makao ya safari, ingawa sasa moyo haulaumiwi kwa kulala. Sasa moyo ndio wa mwisho kubaki macho.

Kezilahabi: Mlango wa Kuingilia Ndani

Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Nyanza, mwaka wa 1944 na kufariki mwaka wa 2020. Diwani yake ya kwanza, Kichomi, ilitoka mwaka wa 1974, na ugomvi ulioizuka wafahamika: wanamapokeo walisema kwamba tungo zisizo na vina wala mizani si mashairi, nao wanamabadiliko wakajibu kwamba roho ya ushairi haimo katika hesabu. Ugomvi huo ulikuwa na faida zake, lakini uliwafanya watu waliangalie vazi wakasahau mwendo. Kwani ukiyatazama mashairi ya Kezilahabi kwa upande wa njozi, utamkuta akitembea njia ambayo Sayyid Abdallah aliwahi kuipita.

Chukua "Dhamiri Yangu," shairi la Kichomi linalojulikana sana. Nafsineni anajiona kama mbuzi aliyefungwa kwa kamba fupi kwenye mti. Amezunguka hata akachora duara, na majani yote yaliyomo ndani ya duara amekwisha kuyala. Nje ya duara majani ni mengi, anayaona, hayafikii. Picha ni ya kijijini, mtoto yeyote aliyechunga mbuzi anaijua. Lakini aliyefungwa ni mtu, na kilichomfunga kimo ndani yake mwenyewe. Hivi ndivyo jinamizi linavyofanya kazi: adui hayuko mlangoni, yumo kifuani. Tena shairi halituambii kama kamba ni adui kweli. Bila kamba mbuzi angeshiba, lakini pengine angekuwa windo. Msomaji anaachwa ndani ya duara akitafakari.

Diwani yake ya pili, ya mwaka wa 1988, inaitwa Karibu Ndani. Haya ni maneno ambayo kila mwenye nyumba humwambia mgeni, nayo yamewekwa jaladani kama mwaliko wa safari. Baada yake zilifuata riwaya fupi mbili, Nagona (1990) na Mzingile (1991), ambazo zimewahangaisha wahakiki kwa kuwa zinakaribia kuwa ushairi: msafiri, njia zisizoeleweka, watu wanaotokea na kutoweka. Mzingile ni njia za kupotezana, na jina hilo linatosha kuonyesha tofauti kubwa kati ya Kezilahabi na mapokeo ya Pate.

Tofauti hiyo isifichwe. Sayyid Abdallah anajua safari yake inaishia wapi. Pazia linapoondoka, nyuma yake pana akhera, na njia imekwisha kuwekwa alama. Kwa Kezilahabi, nyuma ya pazia huenda pana pazia jingine. Msafiri wake haahidiwi kufika. Hata hivyo, kwa wote wawili kuna jambo moja lisilobadilika: mtu hawezi kuuona ulimwengu sawasawa kabla ya kuingia ndani. Said Ahmed Mohamed, aliyeipa diwani yake ya mwaka wa 2002 jina la Jicho la Ndani, naye ameliteua jina linaloutaja wazi wajibu huo.

Namna ya Kusoma Shairi la Njozi

Sasa tugeukie hasara iliyotajwa mwanzoni. Wanafunzi wengi wanaojiunga na idara za Kiswahili wametoka katika shule za sekondari wakiwa hodari wa kutaja bahari ya shairi, kuhesabu mizani, kuonyesha uhuru wa mshairi na kuandika ubeti kwa lugha ya nathari. Stadi hizi ni za lazima, na asiyezijua hafai kudharau wanaozijua. Lakini zoezi la kugeuza ubeti uwe nathari lina hatari yake. Humfundisha mwanafunzi kwamba maana ya shairi ni kile kinachobaki baada ya picha kutupwa. Mwanafunzi wa namna hii akipewa Al-Inkishafi atajibu kwamba shairi linasema dunia inapita. Jibu ni sahihi, nalo halina thamani yoyote. Kila mtu alijua kwamba dunia inapita kabla ya kusoma. Kile ambacho hakuwa nacho ni vifaranga kulala penye sahani.

Shairi la njozi laagulika, halitafsiriki kwa sentensi moja. Anayeliagua anaweza kujiuliza maswali manne. Kwanza, safari inaanzia wapi na kuishia wapi? Nafsineni wa ubeti wa kwanza si yule wa ubeti wa mwisho, na tofauti kati yao ndiyo kisa cha shairi. Pili, picha zinageukaje? Pale bahari inapokuwa sarabu, au mtu anapokuwa mbuzi, ndipo shairi linapofikiri. Asiyeuchunguza mgeuko huo ameikosa hoja. Tatu, ni nani anayesemeshwa? Moyo, mfungwa mwenza, mgeni aliye mlangoni? Anayesemeshwa ndiye nafasi aliyotengewa msomaji. Nne, msafiri anarudi na nini? Kila njozi ya kweli ina mzigo wa kurudi nao kwa watu: onyo, faraja au hata swali.

Swali hilo la nne hutumika pia kama mizani ya kupimia. Si kila shairi lisiloeleweka ni la njozi. Katika miaka ya karibuni zimezuka tungo nyingi zinazorundika vivuli, vioo na ukungu, kwa imani kwamba giza ni kina. Al-Inkishafi ina msamiati mgumu kwa sababu ni wa lahaja za kaskazini na wa zama za mbali, lakini picha zake zaonekana waziwazi. Mbuzi wa Kezilahabi haonekani kwa shida. Njozi ya kweli huwa na ukungu katika maana na mwangaza katika picha. Njozi ya bandia huwa na ukungu kote.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba ushairi wa njozi katika Kiswahili si wa kukimbia ulimwengu. Sayyid Abdallah aliota magofu ya mji wake na kuwataja wafu wake kwa majina. Abdilatif Abdalla aliota mamba akiwa mikononi mwake. Kezilahabi aliichunguza kamba iliyokuwa shingoni mwa kizazi kizima. Imedhihirika pia kwamba mkondo huu haukuanza na mashairi huru wala haukuishia na arudhi. Umepita katika maumbo yote mawili, na ni kosa kuutumia katika ugomvi wa bahari.

Kwa mwanafunzi na mhadhiri, jambo la kuzingatia ni hili. Magofu ya Pate yangalipo, na anayetaka anaweza kuvuka maji akayatazame. Mawe hayo yataendelea kumomonyoka, lakini taa zilizomo katika beti za Sayyid Abdallah huwashwa upya na kuzimwa upya kila mara utungo unaposomwa kwa utulivu. Zikigeuzwa kuwa funzo la mstari mmoja kwenye karatasi ya mtihani, haziwaki. Mwalimu anayewapa wanafunzi wake muda wa kuingia katika majumba yale kabla ya kuwauliza dhamira amewapa fursa ya kuona vioo vyao wenyewe, vingali kapuni, kabla ya teke.